Leso Sita za Sikudhani

Kila mwaka, siku ya Idi Kubwa, Bi Thuwaiba aliwapa wajakazi wake leso moja moja ya kufutia jasho. Nguo ya kujitanda hakuwapa, maana kujitanda kulikuwa kwa mabibi tu.

Idi ya saba ya utumishi wake, kabla leso hazijagawiwa, mjakazi Sikudhani alitoka jikoni na sinia la kahawa, amejitanda nguo pana yenye madoadoa, kutoka kichwani hadi magotini. Wageni wakageuka kumtazama.

"Nani kakupa nguo hiyo?" Bi Thuwaiba aliuliza.

"Wewe, bibi. Ni zile leso zako sita. Nimeziunga."

"Nilikupa ufutie jasho."

"Jasho nimelifuta kwa kiganja miaka yote sita."

Mgeni mmoja alishindwa kujizuia. "Na nguo yenyewe inaitwaje?"

"Leso," Sikudhani alimjibu. "Jina ni la bibi. Kushona nimeshona mwenyewe."

Bi Thuwaiba alimtupia mkasi miguuni. "Ifumue. Hapa hapa."

Sikudhani aliliweka sinia mbele ya wageni, akauokota mkasi na kuulaza kando ya vikombe. "Kahawa inapoa, bibi," alisema, akaivuta leso yake mabegani na kurudi jikoni.

Huko, wenzake walikuwa wameshafungua leso zao viunoni, wamezitandaza sakafuni pindo kwa pindo. Mmoja alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.