Kisanduku cha Jikoni

Watu walikuwa wamezoea ving'ora hadi wakavipuuza, ndiyo maana halmashauri ikafunga katika kila jiko kisanduku chenye sauti ya mama wa familia hiyo. Mafuriko yakija, kisanduku kwanza huita kila mwenyeji kwa jina atoke, kisha hakinyamazi mpaka kihisi kwamba ndani hakuna anayepumua.

Mke wangu Zamda alipofariki, nilikwenda kuomba sauti ibadilishwe. Ofisa akaniambia, "Pole sana, baba, lakini mtaa wenu ni bajeti ya mwakani."

Bajeti! Kila walipofanya majaribio, binti yangu Mwanjaa aliacha mchezo, akaitika "Abee, mama!" na kukimbilia jikoni. Ndivyo tulivyomlea: ukiitwa na mama unaitika, kisha unakwenda aliko.

Leo mto umevunja kingo. Maji yalikuwa magotini nilipomtoa Mwanjaa na kumsimamisha kwenye ngazi za jirani. Nikageuka kumsaidia jirani kupandisha kitanda cha mgonjwa wake. Ndipo nyumba yetu ikaanza kuita.

"Mwanjaa! Mwanjaa, mwanangu, fanya haraka!"

"Abee, mama!"

Nilipogeuka, alishaingia mlangoni. Nikakimbia. Ukuta wa uwani ukaanguka, maji yakanizoa na kunibamiza kwenye nguzo ya umeme. Nikaishikilia, nikipiga kelele atoke.

"Mwanjaa!" kisanduku kiliita.

"Abee, mama, nipo hapa!"

"Mwanjaa!"

Halafu kisanduku kikanyamaza. Nimeukazia macho mlango. Hajatoka mtu.