Unga wa Mbawa

Masika ya mwaka wa arobaini na saba, walipokuwa wakihesabu ndege na vipepeo ufukoni Timbwani, Kombe alimwona kipepeo wa kijani ambaye hajapata kuingia katika sanduku la vipepeo la Mzungu aliyewaajiri. Akamwonyesha karani mgeni. Karani akamnasa kwa wavu, akaandika daftarini huku akitabasamu.

Kombe hakujua kusoma. Miaka sita amelibeba sanduku lile, na leo sifa zimekwenda kwa mtu wa juzi.

"Mbebe taratibu, kaka," karani alisema, akimkabidhi kipepeo ndani ya karatasi iliyokunjwa.

Kombe akapenyeza kidole gumba ndani ya karatasi, akamsugua kipepeo, taratibu kweli, mpaka unga wa mbawa ukamganda kidoleni.

Kambini Mzungu alifungua daftari, akasoma: "Aliyempata ni Kombe." Akanyoosha mkono. "Haya, Kombe, nionyeshe."