Nyuma ya Jabali

Ukumbi wa mji ulizikataa picha za mpigapicha Kapela, na hoteli nayo ikasema picha zisizo na watu haziuzi hata soda. Kwa hasira akaenda kuzitundika kwenye baraza la mochwari, mahali ambapo mtu hana budi kutazama ukuta.

Siku ya tatu, mjane aitwaye Nyamizi aliganda mbele ya picha ya kilima cha mawe.

"Mume wangu aliponda kokoto hapa miaka kumi na tisa," alisema. "Kuna siku alirudi akijisifu kwamba amepigwa picha. Mbona simwoni?"

Siku ile Kapela aliwaamuru waponda kokoto wote wajibanze nyuma ya jabali, ili picha itoke safi.

"Yuko nyuma ya jabali hili, mama."

"Basi naomba uniazime. Hana picha nyingine ya kutangulia jeneza."

Kapela akaitungua. Jeneza lilipotoka, Nyamizi alitangulia, ameikumbatia fremu kifuani. Kando ya njia watu walinyoosha shingo, wakimtafuta marehemu kwenye kilima kitupu.