Taa ya Tumboni

Siku hizi kila mtu humeza taa moja ndogo. Penye kidonda cha tumbo ngozi huwaka njano, penye saratani huwa giza, na penye uzima hubaki ilivyo. Ya mume wangu, Shekue, iliwaka miaka mitatu. Alasiri za mvua nilishonea kwa mwanga wake, naye amelala kama yuko chini ya maji.

Nilimnywesha juisi ya kabichi kila asubuhi, hata njano ikaanza kufifia. Jana nikapika mchuzi wa pilipili, tukala kwa raha.

“Nimepona, Mama Zuhura,” akasema, akafunua shati.

Nikainama kutazama. Njano ilikuwepo bado, pembeni tu. Katikati palikuwa na giza la ukubwa wa kunde.

“Bado kidogo,” nikasema. Nikamshushia shati, nikaenda kukata kabichi.