Hakimu Mwenye Sauti ya Mbuzi

Tunaporekodi vitabu vya wasioona, msomaji akikosea hupiga makofi, fundi akate kosa. Mimi, msomaji wa kujitolea, kwa utani nilimsoma hakimu wa sura ya kwanza kwa sauti ya mbuzi, nikasahau makofi.

Kitabu kikawafikia wasikilizaji hivyo hivyo.

Leo mkutubi kaniita. Mzee asiyeona alikuwa ameketi, fimbo nyeupe magotini, kidole kikiigonga taratibu.

“Shikamoo, babu,” nikasema, nikijiandaa kufukuzwa chumba cha kurekodia ninachokipenda kuliko bweni letu.

“Marahaba. Ndiye wewe mbuzi?”

“Ndiye mimi, babu.”

“Mbona sura ya pili hakimu anaongea kama watu? Nani kamharibu?”

Nikasafisha koo.

“Mshtakiwaaa, simamaaa!”