Sauti ya Mwanamume Chumbani

Siku tatu mfululizo, nyumbani kwao Tennessee, Harlan alisikia sauti ya mwanamume kwenye kompyuta ya mkewe. Kila alipokaribia, mke aliizima. Wivu ukamwingia. Jumamosi mchana akaukuta mlango umefungwa, akauvunja.

"Ni nani huyo?"

"Mwalimu," mke akasema. "Nasomea leseni ya kubeba bastola. Siku hizi wanafundisha mtandaoni."

Kwenye skrini, mzee mwenye kipara alikuwa akieleza ni wakati gani sheria inamruhusu mtu kufyatua risasi ili kujilinda.

Harlan akashusha pumzi, akacheka. "Kumbe. Mimi nilidhani una bwana. Sasa unamwogopa nani, mpenzi?"

Mke alikuwa akiutazama mkono wa Harlan, ambao bado ulikuwa umeshika kitasa alichoking'oa.