Faili la Majaribio

Orodha ya watoto waliopotea kwenye mafuriko ilikuwa na majina sifuri.

Jana ilikuwa na mia sita. Jana hiyo hiyo fundi kompyuta wa kituo alitoka mbio kurudi nyumbani, akasahau faili la majaribio ndani ya folda ya kazi, na amri iliyokuwamo ilikuwa moja tu: futa yote. Kila alfajiri kompyuta huendesha yenyewe kila faili lililomo humo, bila kuuliza. Ikafuta, kazi ya sekunde tatu. Kisha ikaubandika ule utupu juu ya nakala ya akiba, kama alivyoifundisha mwenyewe. Fomu za karatasi zenye majina hayo wahudumu wa kituo walishazichoma, kwa ushauri wake fundi.

"Hodi, baba."

Alikuwa yule bibi wa kila siku, kasimama dirishani. Alifungua fundo kwenye pindo la nguo, akatoa kikaratasi cha namba, kilichokunjwa na kukunjuliwa hata kikalainika kama kitambaa.

"Mjukuu wangu hajapatikana?"

Fundi aliipiga ile namba tarakimu moja moja, kwa sababu bibi alikuwa akivitazama vidole vyake.

"Bado, bibi."

"Lakini yumo humo?"

Fundi aliitazama ile sifuri kwenye skrini.

"Yumo."

Bibi akashusha pumzi, akakifunga tena kikaratasi chake, fundo juu ya fundo.

"Basi afadhali. Kichwa changu kimeshachoka, baba. Tangu juzi najaribu kukumbuka siku ile alivaa nini, sikumbuki. Heri hilo dude lako, lenyewe halisahau."